Misumari Minne ya Bijakona

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Sukwaro Baiga amesimama langoni mwa hifadhi ya Dhaurapani akipuliza chai kwenye gilasi ndogo, macho yake kwenye ubao wa zamu. Jina lake ni la saba kutoka juu. Nyuma yake magari ya wazi kumi na mawili yamejipanga, injini zimezimwa, na wageni wamejitanda vitambaa puani kwa ajili ya vumbi ambalo bado halijaanza.

Ni wiki ya kwanza ya Juni. Mvua haijaonyesha hata dalili. Mwezi huu ukiisha, hifadhi itafungwa kwa miezi mitatu.

Karani anaita: gari la Tekam, wageni wawili, njia namba tatu.

Tekam, dereva mwenye masharubu anayoyatunza kuliko matairi yake, anafungua mlango wa mbele kwa mbwembwe kama anayempokea bibi harusi.

"Panda, shemeji. Leo unakwenda kwenu."

"Angalia usukani wako," Sukwaro anamjibu. Lakini gilasi amekwisha kuiweka chini, na chai haijafika nusu.

Njia namba tatu inapenya msitu mnene wa miti ya sal, inashuka mpaka kijitoni, halafu inakata uwanda wa nyasi ambao kwenye ramani ya hifadhi umeandikwa Bijakona. Hakuna zaidi ya hapo kwenye ramani. Miaka tisa iliyopita palikuwa na nyumba arobaini na tatu, kisima, mbwa wengi kupita kiasi, na mti mmoja wa mahua ambao maua yake, ya kula na ya kutengenezea pombe, yalikuwa ya mama yake Sukwaro na si ya mtu mwingine.

Kisha kijiji kikahamishwa ili wanyama wapate nafasi. Sukwaro, mwanamke ambaye sasa ana miaka arobaini na moja, alizaliwa pale siku ya Ijumaa, kama jina lake linavyotangaza. Leo hupita hapo mara nane au tisa kwa mwezi, akiwa amekaa garini, amevaa shati la kaki, akiwaonyesha wageni ndege.

Kanuni ni moja na kila mwongoza wageni anaijua: ndani ya msitu hakuna kushuka garini, na hakuna kuokota kitu, hata unyoya wa tausi. Kwa miaka saba ya kazi hii, Sukwaro hajakanyaga ardhi ya kwao hata kwa kidole cha mguu.

Wageni wa leo ni Bwana Bhaskar, mwalimu mstaafu kutoka Nagpur, na mkewe, Bi. Nalini. Bwana Bhaskar ana kamera ya kukodi yenye bomba refu kama mkono, na ametangaza tangu langoni kwamba hakuja kuangalia ndege. Anamtaka chui milia. Bi. Nalini hataki lolote ila usingizi.

Sukwaro anajua dawa ya wageni wa namna hii. Mababu zake walikaa na vitendawili jioni nzima wakisubiri mahindi yaive, na yeye huwategea wageni wakisubiri chui.

"Kitendawili," anasema, gari likipunguza mwendo.

"Tega," anajibu Bi. Nalini, na usingizi wote umemtoka.

"Shuka lake lina nyota mchana kutwa."

Bwana Bhaskar anatazama mbinguni na kusema ni anga, kisha anajisahihisha mwenyewe kama anayesahihisha daftari. Tekam anakohoa na kuelekeza kidevu chini ya mti. Paa wa madoa amesimama pale, masikio wima, mgongo umejaa nyota.

Gari linaanza kushuka kijitoni. Hapo Sukwaro anakuwa mtu mwingine kidogo. Anakaa wima na mkono wake unashika ukingo wa dirisha lisilo na kioo.

"Kingine," anasema. "Nyumba yangu haina mlango, haina ukuta, haina paa, na bado nimekatazwa kuingia."

Wanajaribu. Msitu, anasema mume. Mto, anasema mke. Ndoto, anasema mume tena, na mkewe anamcheka. Mwisho Bwana Bhaskar anainua mikono na kusema wameshindwa, wanampa mji.

"Mji gani?"

"Tunakupa Nagpur."

"Nagpur kuna joto," anasema Sukwaro. "Nipeni Bijakona."

"Haya, chukua Bijakona," anasema mwalimu. "Iko wapi hiyo?"

"Hapa."

Gari limeingia kwenye nyasi. Tekam, bila kuambiwa, ameshusha mwendo mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Mkono wa kulia kuna mti wa saja, ule wenye gome lililopasukapasuka kama ngozi ya mamba. Sukwaro anautazama usawa wa kifua cha mtu mzima. Ni kutazama kwa muda wa pumzi tatu. Kisha gari limepita.

Alichokuwa akikitafuta ni kichwa cha msumari.

Wabaiga wana desturi ambayo majirani zao Wagondi wamewaachia tangu zamani, kwa kuwa Wabaiga ndio wanaojulikana kuelewana na msitu. Kila kijiji huwa na mtu wa kufunga mpaka. Hupigilia misumari ya chuma kwenye miti minne, kila upande mmoja, na kilicho nje hubaki nje: maradhi, pepo wabaya, na chui milia.

Bijakona, mtu huyo alikuwa Mahatu, baba yake Sukwaro. Alifanya kazi hiyo kwa miaka thelathini na miwili. Kila mwaka kabla ya kupanda alizunguka kijiji na nyundo, kuku mweusi na kibuyu cha pombe ya mahua. Hakupigilia misumari mipya. Aliigonga ile ile, mara tatu tatu. Alisema anaikumbusha kazi yake.

Mahatu alifariki mwezi Februari, mwaka ule ule wa kuhama. Siku ya kumi walifanya linalofanywa: waliita roho yake irudi ndani, ikae jikoni karibu na moto pamoja na wazee wake. Miezi mitatu baadaye malori yakaja.

Siku ile watu walikumbuka vitu vingi. Walikumbuka mitungi, mbegu za kodo, ile nafaka yao ndogo kama ulezi, mlango wa mbao uliotoka kwa babu. Walikumbuka hata kufungua mbuzi. Jhunki, mjane wa Mahatu, alikuwa juu ya lori la pili, na lilipofika kona ya tatu akapiga kelele kwamba warudi. Dereva akauliza amesahau nini. Akasema misumari. Dereva akasema huko waendako maduka yapo, misumari imejaa.

Hakugeuza lori.

Maana yake ni nyepesi kuielewa hata kwa asiye Mbaiga. Mahatu aliufunga mpaka kwa mkono wake mwenyewe, akafa, akarudishwa nyumbani, na watu wake wakaondoka bila kufungua. Kilicho ndani kimebaki ndani. Kwa miaka tisa sasa, kwa hesabu ya mkewe, mzee yuko peke yake jikoni kwenye nyumba isiyo na jiko, na hawezi kutoka.

Msumari wa mtu hung'olewa na yeye mwenyewe au na damu yake. Wafunga mipaka wa vijiji vingine waliombwa na wote walikataa kwa adabu. Gendlal, mume wa Sukwaro, ni mkwe aliyekuja kukaa kwa wakwe, mtu mwema, lakini damu hana. Na Mahatu alizaa wasichana watatu. Wawili wameolewa mbali. Desturi inasema mwanamke haigusi misumari.

Mwisho wa uwanda, Tekam anasimamisha gari. Kwenye vumbi la njia kuna nyayo za chui milia, za jana usiku, kubwa kama sahani ya chai. Bwana Bhaskar anasimama juu ya kiti. Nyayo zinakuja moja kwa moja kutoka msituni, zinafika sambamba na mti wa saja wa upande huu wa pili, wenye msumari wa pili, zinasita, zinageuka kushoto, na kuufuata ukingo wa nyasi kwa nje.

Tekam anazitazama na kutikisa kichwa.

"Mzee bado yuko kazini, shemeji."

Madereva wote wa Dhaurapani wanalijua jambo hili. Langoni kuna daftari la kuandika kila chui milia aliyeonekana, siku, saa na mahali. Kwa miaka tisa hakuna aliyeandikwa ndani ya uwanda wa Bijakona. Maafisa wanasema ni kwa sababu kisima kilifukiwa, kijito hukauka, na maji yako mbali. Huenda ni kweli. Sukwaro hawabishii. Anasema tu kwamba paa wamejaa pale tele, wanene, na hajui chui gani anayekataa chakula kwa sababu hakuna maji ya kushushia.

Saa moja na dakika arobaini, kwenye bwawa lililo mbali na hapo, Bwana Bhaskar anampata chui wake: dume amelala majini mpaka shingoni, amechoka na joto kama kila mtu. Mwalimu anapiga picha mia mbili na kumi. Bi. Nalini anasema kwa sauti ndogo kwamba anafanana na mjomba wake aliyekuwa hakimu.

Kwa mzunguko mmoja kama huu, Sukwaro hulipwa rupia mia sita, na kwa mwezi hupata mizunguko kama kumi na minane. Mwalimu anamwongezea mia mbili mkononi. Miezi mitatu ya mvua hakuna kitu, na hapo familia huishi kwa kodo, uyoga, na kibarua cha Gendlal barabarani.

Kazi aliipata mwaka wa pili baada ya kuhama, hifadhi ilipotafuta wanawake wanane wanaojua kusoma. Sukwaro alikuwa na darasa la tano. Wenzake waliiomba kwa ajili ya mshahara. Yeye anakiri kwamba alipoambiwa watapita njia zote za msitu, hata mshahara hakuuliza.

Lakini mwaka ule wa kwanza nusura aipoteze. Mwezi wa Machi, maua ya mahua yanapodondoka, harufu yake nzito na tamu inafika barabarani kabla ya kuuona mti. Siku moja gari lilipoingia kwenye harufu ile, Sukwaro alimwambia dereva asimame. Akawaambia wageni amesikia kulungu akilia, mlio ule wa kuonya, chui yuko karibu.

Hakukuwa na kulungu. Wageni walikaa dakika arobaini wakitazama kichakani. Sukwaro alikaa dakika arobaini akitazama maua meupe yanavyoanguka uani kwa mama yake, yakirundikana chini bila mtu wa kuyaokota, na dubu mmoja aliyekuja kuyala taratibu kama mwenye nyumba.

Wageni walilalamika. Alisimamishwa kazi siku kumi na tano, na mwongoza wageni anayesikia sauti zisizokuwepo hachelewi kupewa jina. Mpaka leo akisema kuna mlio, madereva wengine humwuliza ni kulungu au ni mahua. Hucheka nao. Hajarudia tena.

Mchana, baada ya zamu, Tekam anamshusha nyumbani. Makazi mapya yako kilomita kumi na nne kutoka langoni, nyumba za matofali zenye mabati, mistari iliyonyooka, pampu ya maji kila nyumba kumi. Jhunki, mama yake, amelala kwenye kitanda cha kamba chini ya pangaboi. Kwenye paji la uso wake chale za rangi za usichana zimefifia kuwa rangi ya maji ya bahari.

Jhunki si mtu wa kusifia makazi mapya, ila pangaboi amelisamehe. Lililobaki analilaumu lote. Anasema huku hakuna aliyefunga mpaka, ndiyo maana kila kitu kinaingia tu: mbuzi wa watu, homa, na vijana wanaouza laini za simu.

Tangu majira ya baridi pumzi zake ni fupi. Daktari wa wilaya alisema moyo umechoka. Akitoka kitandani kwenda pampuni, hupumzika mara mbili.

Sukwaro anaketi chini, anaanza kupepeta kodo kwenye ungo. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hufunguka. Jambo analolisema hajawahi kulisema kwa wepesi.

Kwa miaka sita alikuwa akiandika barua kwenye ofisi ya hifadhi, akiomba aruhusiwe kushuka Bijakona kwa saa moja. Barua zilipanda na kushuka. Ofisi moja ilisema ni suala la dini, nyingine ikasema ni suala la ardhi. Halafu akaja afisa mpya wa kanda, Bi. Wasnik, ambaye aliisoma barua, akauliza swali moja tu: hiyo misumari ni ya chuma?

Kila mwaka hifadhi ikishafungwa, waongoza wageni huingia msituni kwa siku moja kukusanya taka, chupa za maji na karatasi za biskuti. Bi. Wasnik akasema msumari si mali ya msitu. Hakuna kanuni inayomkataza mtu kutoa chuma kwenye mti. Akaandika jina la Sukwaro kwenye orodha ya usafi, sehemu ya taka ngumu: misumari, minne.

"Kazi ya baba yangu, miaka thelathini na miwili," anasema Sukwaro, "imeandikwa mstari mmoja na chupa za maji. Niliisoma mara mbili. Halafu nikatia sahihi."

Hiyo ilikuwa mwaka jana.

Ungo unasimama. Chini ya pangaboi, mama mtu amefumba macho.

"Karatasi ilitoka, ina muhuri. Nikaificha siku nne kwenye kopo la mbegu. Siku ya tano nikairudisha, nikasema naumwa. Mama nikamwambia wamekataa."

Hakuwa anaumwa. Aliogopa, na alichokiogopa si chui wala wazee wa desturi.

"Misumari ikitoka, kijiji kimekwisha," anasema. "Sasa hivi hakuna nyumba, hakuna mtu, sawa. Lakini chui akifika pale anageuka. Anajua hapa ni kwa watu. Siku akivuka, nani mwingine atakuwa anajua?"

Alidhani siri hiyo ameizika. Lakini Tekam alisikia langoni, ulimi wake hauna breki, na alikuwa amekwisha kumwambia Jhunki jioni ile ile ya siku ya tano. Bibi akakaa na habari hiyo mwaka mzima, na juzi juzi tu, usiku pumzi zilipombana, akaitoa. Sukwaro anasimulia kwamba alitaka ardhi impasukie. Alimwuliza mama yake kwa nini hakusema.

Jhunki, macho bado yamefumbwa, anajibu mwenyewe.

"Ningesema nini? Na mimi nilifurahi. Nilisema, haya, mwaka mmoja zaidi kwetu bado ni kwetu."

Anavuta pumzi kwa shida. Mwanawe anamsubiri.

"Lakini sasa nahesabiwa. Nikifa huku, na yeye amefungwa kule, atanipata wapi? Hajui hata njia ya kuja. Yule hajawahi kuona lami."

Basi Sukwaro amerudi kwa Bi. Wasnik, amekiri kwamba hakuwa mgonjwa, na jina lake limeandikwa tena. Usafi wa mwaka huu ni tarehe mosi Julai. Atakuwa na saa moja, askari wawili wa wanyamapori, na sharti moja: asikate wala asichune gome la mti wowote. Mti wa hifadhi haupigwi patasi.

Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mwaka wa kwanza alipoanza kazi, kichwa cha msumari ule wa njiani kilikuwa kimechomoza nje, upana wa sarafu, mtu angeweza kukishika kwa vidole. Gome la saja ni nene na lina subira. Kila mvua inaponyesha, midomo yake husogea. Leo asubuhi, katika pumzi zile tatu, Sukwaro ameona kitu cheusi kidogo kisichozidi punje ya kodo. Mvua moja zaidi na kitafunikwa. Ule wa mwisho wa uwanda hauna nafuu. Misumari miwili mingine iko ndani, mbali na njia, na hajaiona kwa miaka tisa. Hajui kama bado ina vichwa.

Mwaka jana angeing'oa kwa koleo la kawaida. Hilo analijua, na hulirudia kwa sauti ya chini kila anapokunja ngumi.

Nyuma ya nyumba kuna gogo kavu la saja ambalo Gendlal alilileta kwa ajili ya kuni. Halijachomwa. Kila jioni Sukwaro hupigilia msumari, huuzamisha, kisha hujifunza kuutoa bila kuacha kovu. Amejaribu koleo la fundi umeme, amejaribu lile la kukatia waya, amejaribu ndoano aliyotengenezewa na mhunzi wa sokoni kwa rupia themanini. Ndoano ndiyo inayofaa. Inaingia pembeni mwa kichwa, inazungushwa robo, inavutwa. Katika misumari ishirini ya wiki hii, kumi na nne imetoka safi.

"Gogo limekuwa chekeche," anasema Gendlal akipita na ndoo. "Kuni hatuna, lakini tunaweza kuchuja unga."

Kuhusu mwanamke kugusa misumari, maneno yalisemwa. Mzee mmoja wa mtaa wa pili alikuja kumwonya Jhunki kwamba msumari ukitolewa na mwanamke mvua itagoma. Jhunki akamkubalia kila neno, akamwomba basi aende yeye na nyundo yake. Mzee akakumbuka kwamba goti linamsumbua.

"Baba yake alikosa mtoto wa kiume," anasema Jhunki. "Hakukosa mtoto."

Na kama misumari miwili ya ndani imekwisha kumezwa? Bibi analifikiria hilo kidogo. Anasema hata mmoja ukitoka, atapita. Hakuwa mtu mnene.

Taka zote za siku ya usafi hupimwa langoni na kupelekwa mjini. Sukwaro alihofia mama yake ataumia kusikia kwamba misumari ya mumewe itatiwa kwenye gunia na kuondoka na lori la takataka. Alizunguka zunguka kabla ya kumwambia. Jhunki alimsikiliza mpaka mwisho.

"Waipeleke wanakopeleka chupa," alisema. "Mimi sitaki msumari. Nataka mume wangu."

Mipango mingine imekwisha kupangwa. Askari wawili wamekubali kugeuka pembeni kwa muda atakaomwita baba yake kwa jina. Mmoja wao ni Mgondi na hakuhitaji kuelezwa. Kutoka hapo Sukwaro hatageuka nyuma mpaka wafike langoni. Tekam amejitolea gari lake bila malipo, na ametoa amri kwamba siku hiyo shemeji yake akae nyuma wanakokaa wageni, kwa sababu kiti cha mbele kina mtu. Mzee hakuwahi kupanda gari, anasema, na asije akakaa kinyume.

Nyumbani, Jhunki atakuwa amenyunyiza unga kuzunguka jiko la udongo alilolijenga mwenyewe pembeni mwa jiko la gesi walilopewa. Asubuhi wataangalia kama kuna alama. Alama yoyote inatosha, hata ya sisimizi. Akiulizwa atajuaje kwamba ni yeye, anasema waliishi pamoja miaka arobaini, na mtu ambaye hawezi kupita jikoni bila kumwaga kitu hujulikana.

Jua linaanza kulegea. Sukwaro anamaliza kodo, anatundika ungo kwenye msumari wa ukutani, anachukua ndoano na kuelekea kwenye gogo. Zamu yake ya kesho ni njia namba moja, kule kwenye mianzi, mbali na Bijakona. Kabla ya kufunga hifadhi, kwa hesabu ya ubao, atapita kwao mara tano tu.

Hifadhi itafunguliwa tena tarehe mosi Oktoba. Madereva wameanza kutaniana nani atakuwa wa kwanza kuandika jina la Bijakona kwenye daftari la chui, maana paa wa pale wamenona na hawajui kukimbia. Tekam amekwisha kuweka dau. Sukwaro hakuweka, ila amewaomba kitu kimoja, na wamekubali wote: njia namba tatu ya siku ya kwanza iwe yake.

"Najua atavuka," anasema, na anaufuta msumari wa mazoezi kwa upindo wa sari kabla ya kuutega kwenye gogo. "Nitamwambia Tekam azime gari. Nitawaambia wageni wasinyanyuke, watazame kushoto, pole pole. Nitawaambia hapo alipolala ni jikoni kwa mama yangu. Halafu nitanyamaza, wapige picha zao."